Duara Juu ya Kichwa

Kabla hatujaitwa ndani, mwanangu alinipa maelekezo kama kocha anavyompa mchezaji wa akiba.

"Mama, atakuuliza kama nimewahi kuzimia kabla ya mwezi wa kumi. Unasema hapana."

"Nimesikia."

"Hapana tu. Usianze kueleza. Wewe ukianza kueleza hatutoki humu leo."

"Seok-ju, nimesikia."

Akanywa maji kwenye kikombe cha karatasi, akakikunja, akakitupa. Hazikupita dakika mbili, akanigeukia. "Mama, akikuuliza kama nimewahi kuzimia, unasema hapana. Sawa?"

Hakuwa anakazia neno. Nilimtazama machoni nikaona kwamba kwake hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuliongea.

Ilikuwa Novemba, kwenye hospitali kubwa ya mkoa, kitengo cha ubongo. Mwanangu alikuwa na miaka ishirini na tisa, beki wa kati wa Daraja la Pili. Mkataba wake ulikuwa unaisha Desemba na klabu yake haikutaka kuuendeleza. Klabu nyingine ya kusini ilimtaka kwa miaka miwili. Walisema waziwazi: wanataka mtu mzima wa kupiga vichwa, maana chipukizi wao wanaogopa. Kilichobaki ni barua ya daktari. Mwezi wa kumi alikuwa amegongana na mshambuliaji, akalala uwanjani nusu dakika nzima, na televisheni ikamwonyesha kila mtu. Bila barua, hakuna usajili. Na beki wa umri ule asiposajiliwa Januari, Februari hakuna anayempigia simu.

Daktari alitaka aje na mtu anayemjua tangu utotoni. Hana mke. Baba yake angeulizwa swali moja angelia. Kwa hiyo akanichagua mimi. "Wewe umesomea, Mama," alisema. "Unajua wanavyouliza."

Kweli nimesomea. Nina diploma ya uuguzi, na nimefanya kazi miaka ishirini na sita kwenye kliniki ya mifupa hapa mjini Jecheon, Korea. Nimefunga plasta kwenye miguu mingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Lakini hakunichagua kwa sababu ya diploma. Alinichagua kwa sababu niliwahi kudanganya kwa ajili ya kichwa chake, na nilidanganya vizuri.

Mpira niliutundika mimi. Asilaumiwe mtu mwingine. Seok-ju alikuwa na miaka kumi, mrefu kuliko wenzake wote na mzito wa mbio. Kocha wa shule ya msingi aliniambia mtoto huyu atakuwa beki au hatakuwa kitu, ila ana kasoro moja: mpira ukija usoni anafumba macho. Nilirudi nyumbani nikachukua mfuko wa wavu wa vitunguu, nikatia mpira ndani, nikaufunga kwenye tawi la mti wa matunda ya persimoni nyuma ya karakana ya matairi ya mume wangu. Vichwa mia kila asubuhi kabla ya shule. Kila mwezi niliupandisha vidole viwili.

"Ukifumba macho, hicho hakihesabiki," nilimwambia. "Rudia."

Alikuwa anarudia. Mtoto yule hakuwahi kunibishia. Alipofika miaka kumi na mitatu alikuwa na alama nyekundu ya duara kwenye paji la uso, na haikufutika mpaka saa sita mchana. Majirani walisema mwanangu amepigwa muhuri kama nyama ya buchani. Nilicheka nao. Nilijivunia muhuri ule.

Shule ya sekondari aliyokwenda ilikuwa ya mpira. Wavulana walilala bwenini, na sisi mama zao tuliwapikia kwa zamu, watatu watatu, kuanzia saa kumi na moja alfajiri. Wavulana arobaini. Mchele wa kuosha kwenye beseni la kuogeshea mtoto, mifupa ya ng'ombe ya kuchemsha usiku kucha, vitunguu saumu vya kumenya mpaka kucha zinaumwa. Jikoni kulikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote: mama haulizi habari za mpira. Mama akiuliza kwa nini mwanawe hapangwi, mwanawe ndiyo hapangwi tena. Tulizungumza habari za figili, mafuta na wakwe zetu. Mimi, kwa sababu ya diploma, nilipewa na kazi ya kubeba sanduku la dawa siku za mechi.

Siku zile vyuo vikuu vilichukua wachezaji kutoka timu zilizoingia nne bora kwenye mashindano ya taifa. Hiyo ndiyo ilikuwa njia. Ukiishia robo fainali, hata uwe na mguu wa dhahabu, unarudi kwa baba yako na magoti mabovu, shule hukusoma na mpira hukupata. Mwaka wa mwisho wa Seok-ju walikuwa wavulana kumi na wawili darasani kwao. Mashindano ya kwanza walitolewa mapema. Ya pili, ambayo ndiyo ya mwisho, yalikuwa Hapcheon, mwezi wa saba, kwenye joto la kuivisha yai juu ya kofia.

Robo fainali. Kipindi cha pili, bila kwa bila. Wenzetu wakapata kona. Seok-ju akaruka na mshambuliaji wao, na vichwa viwili vikakutana. Ile sauti niliisikia mpaka upande wa pili wa uwanja, kama maboga mawili yaliyogonganishwa. Mshambuliaji alishika kichwa akapiga kelele. Mwanangu hakupiga kelele.

Nilikimbia na sanduku. Alikuwa amelala chali, macho wazi.

"Seok-ju, tuko wapi?"

"Kwa bibi," alisema.

Bibi yake alikuwa amekufa miaka miwili kabla.

Macho yake yalinitazama lakini hayakunishika. Nilijua. Mtu asiyesomea angeweza kusema hakujua. Mimi sina mlango huo wa kutokea. Kocha wao, Maeng, hakuruhusiwa kuingia uwanjani. Alisimama kwenye mstari, mikono mdomoni. "Mama Seok-ju! Vipi?"

Kwetu mtu akiwa mbali humjibu kwa mikono. Ukiinua mikono juu ya kichwa ukaunganisha vidole kufanya duara kubwa, maana yake sawa, endelea. Ukiipishanisha kama mkasi, basi, imekwisha. Benchi letu halikuwa na beki mwingine ila mvulana wa kidato cha kwanza aliyekuwa akinifika begani.

Niliinua macho jukwaani. Mama kumi na mmoja walikuwa wamesimama, miavuli wameishusha, jua linawachoma na hawana habari. Mama Yul, rafiki yangu mkubwa, alikuwa ameshikanisha viganja mbele ya uso. Tulikuwa tumemenya vitunguu pamoja miaka mitatu. Nilimjua kila mmoja wao analala saa ngapi.

Nikammwagia mwanangu maji baridi shingoni. Nikainama sikioni. "Simama. Simama sasa hivi."

Akasimama. Nilishasema, hakuwahi kunibishia.

Nikainua mikono, nikafanya duara.

Dakika ya themanini aliutoa mpira kwenye mstari wa goli kwa kichwa. Tukashinda kwa penalti. Wale mama walinivamia wakanikumbatia mpaka sanduku la dawa likapasuka. "Wewe ndiye umetupeleka chuo, Mama Seok-ju!" Kocha Maeng aliniinamia mpaka kiunoni, mtu ambaye kwa miaka mitatu hakuwahi kunisalimia kabla sijamsalimia.

Jioni, kwenye nyumba tuliyopanga, Seok-ju alitapika ndani ya beseni la mchele. Nilimwaga, nikasugua kwa chumvi na maji ya moto. Mama Yul alikuwa nyuma yangu na kisu na figili.

"Ni joto tu, si ndiyo?"

"Ni joto."

"Wewe ndiye uliyesomea."

"Ni joto, Mama Yul. Menya figili."

Kabla ya kulala mwanangu aliniuliza mara tatu nani ameshinda. Nilimwambia mara tatu, na mara zote tatu alifurahi upya.

Baada ya hapo mambo yalikwenda. Chuo kikuu miaka minne, kisha Daraja la Pili, kisha timu ya jeshi alipokuwa kwenye utumishi wake wa lazima, kisha Daraja la Pili tena. Mechi mia mbili na kumi na nne. Pua ilivunjika mara mbili, nyusi ya kushoto ikashonwa mpaka nywele zikakataa kuota. Magazeti yaliandika jina lake kwenye kichwa cha habari mara nne, na tatu kati ya hizo alikuwa amejifunga goli. Beki ndivyo alivyo. Akifanya kazi dakika tisini hakuna kilichotokea, na hakuna anayeandika habari ya kitu ambacho hakikutokea.

Kila alipogongwa kichwa alinipigia mimi simu kabla ya daktari wa klabu.

"Mama, naona taa mbili mbili."

"Zima taa. Zima na simu ukimaliza kuongea na mimi. Kunywa uji. Kesho wakikuuliza, sema shingo."

"Shingo?"

"Shingo inauma. Hakuna mtu anayewekwa nje wiki tatu kwa ajili ya shingo."

Nilimfundisha kusema shingo. Wenzake wakamtania, wakamwita Twiga. "Kaka Twiga, shingo haijambo?" Naye anacheka. Mara saba, zile ninazozijua mimi. Miaka mitatu ya mwisho alianza kuacha gari linanguruma maegeshoni na yeye yuko dukani. Alinunua zawadi ya siku yangu ya kuzaliwa mara mbili ndani ya wiki moja, skafu ileile, rangi ileile. Nilimwambia asante mara mbili.

Mambo yote haya nilikuwa nayo kichwani tulipoitwa ndani siku ile ya Novemba. Na bado nilikuwa nimekwenda kusema hapana. Naapa. Nilikuwa nimeshamwambia mume wangu atoe nyama kwenye friji, usiku tuchome, tusherehekee barua.

Daktari Tak alikuwa mwanamke wa umri wangu, miwani imening'inia kifuani. Alimtembeza Seok-ju juu ya mstari, akamshikisha pua kwa kidole, akampa maneno matano ayashike: mwavuli, farasi, chumvi, daraja, sufuria. Kisha wakazungumza mambo mengine, usingizi, chakula, mechi ya mwezi wa kumi. Dakika kumi baadaye akasema, "Yale maneno yetu matano?"

"Mwavuli," alisema Seok-ju bila kusita. "Sufuria." Akakuna nyusi yake isiyo na nywele. "Na nyanya."

"Kuna mengine?"

"Daktari, mimi ni beki. Kazi yangu ni kuondoa, si kuweka."

Daktari alicheka, na mimi nilicheka. Mwanangu ni mcheshi, watu hawajui kwa sababu ya uso wake. Lakini nyanya haikuwemo. Yeye hakujua kama haikuwemo. Alikuwa ameisema kwa uhakika uleule aliosemea mwavuli.

Daktari akanigeukia. "Mama, kabla ya mwezi wa kumi aliwahi kuzimia? Au kuchanganyikiwa baada ya kugongwa?"

Chini ya meza kiatu cha mwanangu kiligusa changu.

Nilifungua mdomo niseme hapana, na kitu pekee nilichokiona ni ile nyanya.

"Mara saba," nikasema.

Kiatu kikaondoka.

Nikazitaja, mji kwa mji, mwaka kwa mwaka. Daktari alikuwa anaandika, hanitazami, jambo lililonisaidia. Nilipofika Hapcheon akasimamisha kalamu.

"Nani alimwangalia pale uwanjani?"

"Mimi."

"Ulimwona yuko sawa?"

"Hapana."

"Sasa ulifanya nini?"

Niliinua mikono juu ya kichwa nikafanya duara, pale pale ofisini, mwanamke wa miaka hamsini na saba na mkoba mapajani. Daktari alinitazama. Akakunja karatasi iliyokuwa pembeni yake, ile ambayo nadhani ndiyo ingekuwa barua, akaandika kwenye nyingine.

Seok-ju alitoka mbele yangu bila kunishikia mlango. Aliteremka ngazi mpaka maegeshoni chini ya ardhi, akatembea haraka kati ya magari, akasimama. Akageuka kushoto. Akageuka kulia. Hakujua gari liko ghorofa gani na hakutaka kuniuliza. Mimi nilijua. Nilimfuata hatua kumi nyuma, mpaka alipochoka.

"Umeniua," alisema.

"Nimekutoa uwanjani."

"Mimi nina kitu gani nje ya uwanja, Mama? Nitajie kimoja. Nitajie!"

Tulipisha gari lililokuwa linatoka, akanigeukia tena.

"Hapcheon ulijua?"

"Nilijua."

"Ulijua, ukaniambia simama."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Walikuwepo wenzako kumi na mmoja. Na mama zao."

Akacheka, cheko baya. "Yul ana duka la kuku wa kukaanga. Unajua hilo? Chuo alikimbia mwaka wa pili, mpira hajagusa tena. Kwa hiyo kichwa changu kimezaa duka la kuku." Akapiga boneti la gari la mtu kwa kiganja. "Siku ambayo ungesema ukaniokoa, nilikuwa na miaka kumi na saba, ulinyamaza kwa ajili ya watoto wa wenzako. Leo nimebakiwa na miaka miwili, miwili tu, na kichwa kimeshaharibika, leo ndiyo umepata ulimi. Ulikuwa unamwokoa nani mle ndani? Mimi au wewe?"

Nimelifikiria swali lile miezi mingi. Siku ile nilisema tu, "Gari liko chini zaidi. Safu ya njano."

Tulirudi nyumbani. Mimi ndiye niliyeshika usukani. Mume wangu alikuwa ameshatoa nyama na kuwasha jiko. Alitutazama nyuso, akalizima.

Klabu ya kusini ilipiga simu baada ya siku nne. Kijana mwenye sauti ya adabu alisema wamebadilisha mipango ya safu ya ulinzi. Seok-ju alisema ahsante, nimeelewa, akaweka simu mezani taratibu kama yai. Tangu siku hiyo hakula tena chakula changu. Alikuwa ananunua tambi za kikombe dukani, anazilia chumbani kwake mlango umefungwa. Nilipika hivyohivyo, nikaweka bakuli lake mezani kila siku, nikaliondoa. Mimi si mtu wa kubembeleza mlango.

Januari baba yake alimchukua karakanani. Ana nguvu, anabeba tairi la lori peke yake, na wateja walipenda kupiga naye picha. Wiki tatu zilikwenda vizuri. Kisha siku moja mama mmoja alikuwa anatoa gari lake langoni, na mume wangu, sijui kwa nini, akamsimamisha. Gurudumu la mbele lilikuwa na nati tano. Tatu zilikuwa zimekazwa kwa vidole tu.

Mume wangu akachukua spana. Akazikaza mwenyewe. Kuanzia hapo kila gari alilolimaliza Seok-ju, baba yake alipita nyuma na spana.

"Baba, unanikagua?"

"Naikagua spana. Imezeeka."

"Spana ulinunua mwezi uliopita."

"Siku hizi vitu vinazeeka haraka," alisema mume wangu, na akaenda kulia nyuma ya karakana, chini ya mti wa persimoni. Nilimwona dirishani.

Mwezi wa tatu, barafu ilipoyeyuka, Seok-ju alianza kutoka alfajiri. Nilisikia kiatu, nikasikia mlango. Nikafikiri anakimbia. Nilifurahi, nikamwambia na mume wangu: mwili ukichangamka na moyo utafuata. Alianza hata kula. Asubuhi moja alikaa mezani akala wali na mchuzi wangu wa mifupa, mabakuli mawili, bila kunitazama, na mimi nikasimama jikoni nimeshika mwiko kama mjinga, naogopa kusogea.

Kisha akainua kichwa aombe chumvi, na nikaiona. Kwenye paji la uso, duara jekundu, na chembe za mchanga.

Muhuri ule nimeupiga mimi. Siwezi kuukosea.

Jumapili iliyofuata nilimfuata. Hakwenda mbali. Alikwenda kwenye uwanja wa mchanga wa shule yake ya msingi, ambako wanaume wa mtaa hucheza kila asubuhi kabla ya kazi. Wote wamepita arobaini, matumbo mbele, magoti yamefungwa bendeji. Mwuza miwani ndiye refa. Kipa ni Baba Yul, mume wa rafiki yangu, na ndiye aliyeniona kwenye uzio.

"Mama Seok-ju! Njoo unywe kahawa! Tangu mwanao aje hatujafungwa hata moja! Ukuta huu! Mimi nasimama golini kupunga upepo tu!"

"Baba Yul, mtoe."

"Nani, huyu? Utanitoa mimi kwanza."

"Daktari amemkataza."

"Daktari amemkataza Daraja la Pili. Hapa ni daraja la vitambi." Wenzake wakaangua kicheko. Akanisogelea, akapunguza sauti. "Dada, mwache kijana apumue. Umemwona anavyocheka? Mwenyewe ametuambia yuko sawa."

Ningemwambia nini Baba Yul? Kwamba mtu akisema yuko sawa haimaanishi yuko sawa? Mwanawe alikwenda chuo kwa sababu mimi nilisema wangu yuko sawa.

Wakapiga kona. Mpira mbovu, wa kuelea, unaokuja taratibu mpaka unapata muda wa kuuchukia. Mzee mmoja mnene wa upande wa pili aliruka kwa kuchelewa, na bega lake likampiga Seok-ju kwenye shavu wakati ameshaupiga mpira. Si pigo. Kwenye Daraja la Pili hata refa asingegeuka. Mwanangu alishuka, akapiga goti, akaweka mkono mchangani. Akabaki hapo.

Hapakuwa na sanduku la dawa. Yule mzee mnene alikuwa anasema, jamani, sikumgusa, sikumgusa.

"Seok-ju!" aliita Baba Yul kutoka golini. "Vipi?"

Niliinua mikono juu ya kichwa, nikaipishanisha kama mkasi. Niliinua juu kadiri mabega yalivyoniruhusu, nikakaza. Sikupiga kelele. Kila mtu pale anajua maana yake.

Kichwa cha mwanangu kiliinuka polepole. Aliangalia goli, akaangalia refa, kisha akaniangalia mimi. Safari hii macho yalinishika. Hakuwa amechanganyikiwa hata kidogo. Angekuwa amechanganyikiwa, ningeruka uzio. Alinijua, alijua niko wapi, alijua mikono yangu inasema nini.

Akasimama, magoti yamejaa mchanga. Akainua mikono yake mirefu juu ya kichwa, akakutanisha vidole, akafanya duara kubwa zuri, na akaniachia niangalie.

"Safi!" Baba Yul akapiga makofi. "Huyo ndiye mtu wangu!"

Mwuza miwani akapuliza filimbi. Kona nyingine. Mikono yangu ilikuwa bado juu, imepishana, na hakuna aliyekuwa anaitazama. Mpira ukainuka. Mwanangu akarudi nyuma hatua mbili, akaruka, na macho alikuwa ameyafumbua.